Soko la dunia halinunui gredi, linanunua umilisi wa lugha

HEBU fanya jaribio dogo jioni hii nyumbani, msomaji wangu. Tafuta bahasha ya dawa kutoka duka la dawa, ile ambayo mhudumu huandika maagizo kwa kalamu: kidonge kimoja 8am, kimoja 8pm, baada ya chakula, kwa siku saba. Mpe mwanao aliye katika shule ya upili, yule anayekuletea A au B ya Kiswahili kila muhula. Mwambie, "Msomee nyanya yako maagizo haya kwa Kiswahili atakachokielewa."

Kisha tulia usikilize. Aghalabu utasikia mambo mawili. Kwanza, mtoto atasitasita na kusema, "Aaa… chukua kidonge kimoja…" ilhali Mswahili hachukui dawa. Huimeza au huinywa. Pili, akifika penye saa atajikwaa: "…saa nane asubuhi, na kingine saa nane usiku."

Nyanya atashangaa. "Saa nane asubuhi ni saa ngapi hiyo, mjukuu wangu?" Na kama ni mtu wa kutii amri za daktari bila kuuliza, ataamka saa nane za usiku, watu wote wamelala, ameze kidonge alichotakiwa kumeza saa mbili, mara baada ya chakula cha jioni. Hapo ratiba ya dawa imepotoka kwa saa sita nzima.

Kosa hili si la sarufi. Mtoto huyo anazijua ngeli. Anajua kwamba kinyume cha anika ni anua. Anaweza kukutolea methali kumi kuhusu bidii bila kuvuta pumzi. Alichokosa ni uwezo wa kuitumikisha lugha: kuchukua ujumbe unaotoka kwa mtu mmoja na kumfikishia mwingine anayeuhitaji, bila kuuharibu njiani. Nadharia yangu leo ni kwamba uwezo huo ndio unaotafutwa sokoni, na ndio tunaousahau tunapojigamba kuwa tunawaandaa watoto wetu kwa ushindani wa kimataifa.

Kila mwaka, katika sherehe za kuwatuza wanafunzi bora, mgeni wa heshima husimama na kuwaambia watoto kwamba siku hizi hawashindani tena na wenzao wa kijiji jirani bali na wale wa Beijing, New York na Bangalore. Wazazi hupiga makofi. Lakini ukichunguza hotuba hizo utapata zinakusudia mambo matatu tu: Kiingereza, kompyuta na pengine lugha moja ya kigeni. Kiswahili hakitajwi. Kimeachiwa wimbo wa taifa na shairi la kumkaribisha huyo huyo mgeni wa heshima.

Dhana ya umilisi

Kabla hatujaendelea, ni vyema tuelewane kuhusu dhana hii ya umilisi, kwa sababu siku hizi imekuwa kama chumvi: kila chungu kimetiwa.

Katika taaluma ya isimu, Mmarekani Noam Chomsky, kwenye kitabu chake cha 1965 kuhusu nadharia ya sintaksia, alitofautisha umilisi na utendaji. Umilisi kwake ni maarifa ya lugha yaliyo akilini mwa mzungumzaji. Utendaji ni jinsi mzungumzaji huyo anavyoitumia lugha katika hali halisi, pamoja na kusahau, kukatizwa na kuteleza kwa ulimi.

Mwenzake Dell Hymes aliiona maana hiyo kuwa finyu mno. Katika makala iliyochapishwa 1972, alifafanua dhana ya umilisi wa kimawasiliano. Hoja yake ilikuwa kwamba kujua sentensi ipi ni sahihi kisarufi hakutoshi. Mtumiaji wa lugha anapaswa pia kujua aseme nini, na nani, lini, wapi na kwa namna gani. Mtoto atakayezungumza kwa sentensi sahihi tupu lakini asijue ni wakati gani wa kuzitumia atakuwa kituko katika jamii yake.

Sasa tazama. Mtaala ambao ulianza kutekelezwa kote nchini 2019 tunauita Mtaala wa Umilisi. Miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi, mawasiliano na ushirikiano ndio hutajwa mwanzo. Maana yake ni kwamba, angalau kwenye karatasi, tumekubaliana na Hymes. Swali ni kama tumekubaliana naye darasani.

Dunia inaanzia Namanga

Tukisikia maneno 'uchumi wa dunia', fikra zetu hupaa moja kwa moja hadi London. Lakini kwa wengi wa watoto wetu, dunia inaanzia Namanga, Malaba na Busia. Dereva anayetoa kontena bandarini Mombasa na kulifikisha Goma anapita nchi kadhaa, na katika safari hiyo Kiswahili humfaa pengine kuliko lugha nyingine yoyote. Mfanyabiashara anayenunua vitunguu Tanzania kuvileta Nairobi hapatani bei kwa Kiingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina mataifa manane, tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge 2022 na Somalia 2024.

Isitoshe, sheria na sera zimebadilika huku sisi tukiendelea kubishana kama Kiswahili ni kigumu. Tanzania ilirekebisha sheria zake 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mkenya anayetaka kufanya biashara huko, au wakili anayetaka kumshauri mteja mwenye mgogoro huko, hana budi kukielewa Kiswahili cha mkataba, si cha salamu tu. Mnamo Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za upili. Mapema mwaka huo, mwezi wa Februari, Umoja wa Afrika ulikuwa umekubali Kiswahili kiwe lugha yake rasmi ya kazi. Na Novemba 2021, UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Shirika hilo linakadiria kwamba wazungumzaji wa lugha hii wamepita milioni 200.

Nje ya Afrika pia milango ipo. Marekani, kwa mfano, imewapokea maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Mama wa Kikongo anapompeleka mtoto hospitalini huko, au anapoitwa na mwalimu shuleni, anahitaji mkalimani. Baadhi ya kazi hizo hufanywa kwa simu, na mkalimani anaweza kuwa mbali sana na hospitali yenyewe.

Lakini angalia hapa. Kiswahili cha mama huyo si kile cha Mvita wala cha vitabu vyetu vya kiada. Kina maneno mengi yenye asili ya Kifaransa, na upatanisho wake wa kisarufi una njia zake. Mkalimani aliyezoea kumkosoa kila mtu kwa kusema "hiyo si sanifu" hatamfaa. Atakayemfaa ni yule aliyefundishwa kwamba Kiswahili kina lahaja na sajili nyingi, na kwamba kazi yake ni kumwelewa msemaji kwanza.

Mtihani unapima nini?

Tuje nyumbani. Mtihani wa KCSE wa Kiswahili una karatasi tatu. Ya kwanza ni Insha, alama 40. Ya pili ni Lugha, alama 80: ufahamu alama 15, ufupisho alama 15, matumizi ya lugha alama 40 na isimujamii alama 10. Ya tatu ni Fasihi, alama 80. Jumla ni alama 200.

Fanya hesabu. Ufupisho, ambao ni stadi inayotumika karibu katika kila ofisi duniani, una alama 15 kati ya 200. Tafsiri haina karatasi wala sehemu yake. Na mwanafunzi anaweza kupata gredi ya A bila kutamka hata neno moja mbele ya mtahini. Ajabu ni kwamba mwenzake anayefanya Kifaransa hukaa mbele ya mtahini akahojiwa. Lugha ya kigeni inapimwa kwa mdomo, lugha ya taifa inapimwa kwa kalamu pekee. Kumbe ndiyo maana tunao vijana wanaoandika Kiswahili cha kupendeza, lakini wakipewa kipaza sauti wanaanza, "So, kwa hiyo, yaani, like…"

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba sarufi haina maana. Asiyejua upatanisho hawezi kuhariri hata tangazo la mazishi. Wala simlaumu mwalimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, vitabu teule vya kumaliza na mkuu wa shule anayemdai wastani, atafundisha kile kinachotahiniwa. Mtihani ukitaka kinyume cha anika, atafundisha kinyume cha anika.

Matokeo yake ni insha za kukariri. Kila msahihishaji anaijua: ni siku ya Jumamosi, jua linachomoza mashariki kwa madaha, ndege wanaimba mitini, na mwandishi anarauka kutoka kitandani kama mshale. Swali linaweza kuwa kuhusu ufisadi, ajira au mafuriko, jua litachomoza tu. Mwanafunzi huyo hajaandika. Amenakili kutoka kwa kumbukumbu yake. Siku atakapoombwa na mwajiri aeleze kwa ukurasa mmoja kwa nini mauzo yameshuka, jua halitamsaidia.

Kazi nne za lugha

Je, mwanafunzi afundishwe nini ili lugha imlipe? Kwa maoni yangu kuna kazi nne za kimsingi, na zote zinaweza kufanyika katika darasa lisilo na umeme.

Ya kwanza ni kufafanua. Mpe mwanafunzi jambo analolijua kutoka katika somo jingine, tuseme jinsi chanjo inavyofanya kazi. Alieleze mara mbili: mara ya kwanza kwa mtoto wa darasa la tatu, mara ya pili kwa mzee wa mtaa anayeshuku chanjo. Ujumbe ni ule ule, lakini maneno, mifano na toni vitabadilika. Hapa ndipo isimujamii inapoacha kuwa orodha ya sifa za sajili na kuwa jambo la kutenda. Pia utagundua upesi ni nani aliyeielewa biolojia yake na nani aliyeikariri, maana kisichoeleweka hakifafanuliki.

Ya pili ni kufupisha. Watu wengi hudhani ufupisho ni kukata maneno mpaka yatimie 60. La hasha. Ufupisho ni kuamua: lipi ni shina, lipi ni tawi, lipi ni majani tu. Wanafunzi wasikilize taarifa ya habari ya redioni, kisha waandike sentensi tatu. Waandike kumbukumbu za mkutano wa chama cha mazingira cha shule. Kila mmoja wetu yumo katika kundi la WhatsApp la familia au la chama ambamo mtu hutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Yule anayeweza kuusikiliza na kuandika, "Mchango ni shilingi 500, mwisho Ijumaa, umtumie mweka hazina," anaheshimika na kila mtu. Makampuni huwalipa watu mishahara kwa kazi ya namna hiyo.

Ya tatu ni kutafsiri. Mfano wetu wa saa unaonyesha kwamba kutafsiri si kubadilisha neno kwa neno. Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, Mwingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Anayetafsiri asipoijua tofauti hiyo ya utamaduni, atahamisha tarakimu na kuacha maana. Au chukua maagizo ya kumeza dawa mara tatu kwa siku. Wazungumzaji wana namna yao fupi na nzuri ya kulisema hilo: "kimoja kutwa mara tatu." Mwanafunzi aliyewahi kuusikia usemi huo na kuutumia ana utajiri ambao kamusi pekee haiwezi kumpa.

Ya nne ni kuhariri. Wanafunzi wabadilishane insha na wasahihishane kabla mwalimu hajaziona. Wasitafute makosa ya tahajia peke yake. Waulizane, "Hapa ulikuwa unataka kusema nini?" Swali hilo likiulizwa mara mia moja katika miaka mitatu, mtoto hujifunza kujiuliza mwenyewe. Uandishi mzuri huanzia hapo.

Mashine haijamaliza kazi

Wapo watakaosema, "Mwalimu, mambo hayo yote siku hizi yanafanywa na mashine. Mbona tujisumbue?" Ni hoja ya kweli na inafaa kujibiwa.

Ni kweli kwamba huduma ya tafsiri ya Google imekuwa na Kiswahili tangu 2009, na imeboreka mno. Ni kweli kwamba programu za akili unde leo zinaandika barua ya Kiswahili kwa sekunde chache. Lakini tazama sentensi hii: "Daktari alimwambia muuguzi kwamba amechelewa." Nani amechelewa? Kiswahili hakisemi. Na je, daktari ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakisemi pia, kwa kuwa kiambishi a- hakibagui jinsia. Mashine inayoipeleka sentensi hiyo katika Kiingereza mara nyingi hulazimika kubahatisha, na kwa muda mrefu imejulikana kwamba hupenda kumfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke. Katika hadithi ya kuburudisha, tutacheka. Katika ushahidi wa mahakamani, kosa kama hilo linaweza kumpotezea mtu haki yake.

Kwa hiyo mashine imebadilisha kazi, haijaimaliza. Kazi iliyobaki ni ya yule anayeweza kusoma kilichoandikwa na mashine na kusema, "Hapa si sawa, na sababu ni hii." Mtu huyo lazima awe mmilisi wa lugha zote mbili kuliko mtafsiri wa zamani, kwa sababu makosa ya mashine huvaa nguo safi. Sentensi huwa laini, lakini maana imehamia kwingine.

Kuna jambo zito zaidi. Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi na sauti za watu. Lugha yenye maandishi machache hupata mashine dhaifu. Ndiyo maana mradi wa Common Voice umekuwa ukikusanya sauti za wazungumzaji wa Kiswahili, na watafiti Waafrika wa Masakhane wameungana ili lugha zetu zisiachwe nyuma. Kijana wetu anaweza kuingia katika uwanja huo kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kibarua. Mnamo 2023 ulimwengu ulisoma habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kuchambua maandishi ya kuogofya ili akili unde isiyarudie. Mlango wa pili ni wa mtaalamu: mwanaisimu, mhariri, mwanaprogramu anayejua kwa nini mashine inakosea ngeli na jinsi ya kuirekebisha. Tofauti ya milango hiyo miwili haiko katika kujua kubofya kompyuta, kwa kuwa wote wanajua. Iko katika kina cha elimu aliyoingia nayo.

"Mtoto wangu atakula Kiswahili?"

Sasa nimjibu mzazi. Najua anachosema, maana hukisema waziwazi: "Mimi nataka mtoto wangu ajue Kizungu. Kiswahili atakula?"

Nakubali nusu ya hoja yake. Kiswahili pekee hakishibishi. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, lakini katika soko la leo hata kizuri hakina budi kutembezwa. Anayejua Kiswahili na hajui kingine atapata shida, kama vile anayejua Kiingereza na hajui kingine atakavyopata. Kinacholipa ni mchanganyiko: muuguzi anayeweza kumweleza mgonjwa matibabu yake, mhandisi anayeweza kuwafundisha mafundi kutumia mtambo mpya, wakili anayeusoma mkataba wa Dar es Salaam, mtaalamu wa kilimo ambaye mkulima akimsikiliza haondoki na maswali kuliko aliyokuja nayo. Kwa hivyo mwanafunzi wa shule ya upili anayechagua mkondo wa sayansi asidhani ameachana na lugha. Yeye ndiye anayeihitaji zaidi, kwa sababu ana la kusema.

Nusu ya pili ya hoja ya mzazi siikubali. Anadhani kwamba kila dakika inayotumiwa kwa Kiswahili imeibwa kutoka kwa Kiingereza, kana kwamba akili ya mtoto ni debe lenye ujazo wa lita ishirini. Sivyo. Anayejifunza kupanga hoja katika lugha moja haanzi sifuri katika lugha ya pili. Anayejua kufupisha kwa Kiswahili anahitaji msamiati tu ili afupishe kwa Kiingereza. Stadi ni moja, vazi ndilo linabadilika.

Kinachoharibu ni kuidunisha lugha moja. Kizazi baada ya kizazi, wanafunzi wa nchi hii wamebeba 'disk' shingoni kwa kosa la kuongea lugha waliyoamka nayo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza aibu hiyo katika kitabu chake cha 1986 kuhusu ukoloni wa akili. Leo kibao hicho kimepungua, lakini bado utasikia shule ambako Kiswahili kinaruhusiwa siku moja tu kwa wiki, kama mgonjwa anayeruhusiwa kuona wageni. Mtoto aliyelelewa hivyo hajifunzi Kiingereza bora. Anajifunza kunyamaza. Na aliyezoea kunyamaza akikaa mbele ya jopo la mahojiano ya kazi, atanyamaza kwa lugha zote mbili.

Tufanyeje?

Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE 2027. Mfumo huo, ulioanza 1985, ulikifanyia Kiswahili hisani kubwa kwa kukifanya somo la lazima na la kutahiniwa. Kabla yake wengi walikitupa mkono mapema. Tusiidharau hatua hiyo. Lakini ilikuwa hatua ya kukiingiza Kiswahili katika chumba cha mtihani. Hatua ya pili ni kukitoa humo kiende kazini.

Kwa wanaoandaa mitihani ya mtaala mpya, ombi langu ni mambo mawili: tafsiri ipate sehemu yake, na mazungumzo yapimwe kwa mdomo. Tathmini za shuleni zimetupa nafasi hiyo, maana mwalimu anaweza kumsikiliza mwanafunzi mmoja mmoja katika muhula mzima badala ya kungoja siku moja ya mtihani.

Kwa walimu, kipindi kimoja kwa wiki kiwe cha maandishi halisi: bahasha ya dawa, risiti, tangazo la kazi, notisi ya kaunti, fomu ya benki. Hayo hayahitaji bajeti. Yamejaa nyumbani kwa kila mwanafunzi.

Kwa wazazi, msimkatize mtoto anapotafuta neno la Kiswahili mkamrushia la Kiingereza. Mwacheni alitafute. Mpeni kazi ya kuwa mkalimani wa nyumba: asome barua kutoka shuleni, amweleze nyanya, amsikilize nyanya, amwandikie mjomba aliye ughaibuni.

Na kwa mwanafunzi mwenyewe: gredi ya A ni nzuri, itafute. Lakini jiulize swali moja kila jioni. Leo nimemsaidia nani kuelewa jambo ambalo asingelielewa bila mimi? Ukiwa na jibu, umeanza kujiandaa kwa soko la dunia, hata kama hujawahi kupanda ndege.

Tusisahau jaribio letu la mwanzo. Bahasha ya dawa bado iko mezani na nyanya bado anangoja. Mtoto akijifunza kumwambia, "Nyanya, meza kimoja saa mbili asubuhi na kimoja saa mbili usiku, ukishakula, mpaka siku saba ziishe," atakuwa amemhudumia mteja wake wa kwanza.